Steringi Hafi

Mwaka jana, kwenye mkutano wa vijana, dada mmoja anayefanya kazi na shirika alituuliza swali. Alikuwa mgeni, ana wiki tatu tu kambini, na aliuliza kwa heshima kabisa. "Samahani, naomba nielewe. Nyinyi wengi mmekimbia vita. Mmeona mambo ambayo mimi sijayaona. Sasa mbona kila nikipita kwenye vibanda vya video nakuta mmejaa, mnatazama watu wakiuana? Hamchoki?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja nyuma akasema, "Dada, hizo ni za uongo. Zetu ndio zilikuwa za kweli." Tukacheka tena, mkutano ukaendelea na ajenda ya mipira na jezi. Lakini mimi ile mara ya pili sikucheka. Mimi ni mtu wa muvi tangu utotoni, hasa muvi za upelelezi, za majambazi, za mtu anayetafutwa usiku na mchana. Nikaona kama nimeulizwa mimi peke yangu, na jibu sikuwa nalo. Makala hii ndiyo jibu langu. Limechelewa mwaka mzima, dada anisamehe.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia kibanda umiza, nieleze kidogo. Ni chumba cha udongo au cha miti na turubai. Madirisha yamezibwa kwa magunia. Mbele kuna runinga moja, spika mbili, na betri inayochajiwa na sola. Mabenchi ni mbao zilizopigiliwa juu ya vigingi. Unalipa shilingi 200, unakaa, unabanwa, unatoka jasho, ndiyo maana pakaitwa "umiza". Muvi nyingi zimetafsiriwa. Juu ya sauti ya Kiingereza kuna sauti ya mtu anayeeleza kwa Kiswahili nani ni nani na nani anamtafuta nani. Watanzania wanamjua Lufufu, aliyetafsiri kanda hizo Dar es Salaam. Ndugu zetu walioko Kenya wanamjua DJ Afro. Hapa kwetu zamani tulikuwa na jamaa yetu, mkimbizi kama sisi, aliyekuwa akikaa pembeni ya runinga na kutafsiri papo hapo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Mahali asipoelewa, alitunga. Wengi wetu tulipenda zaidi pale alipotunga.

Na kuna sheria moja ambayo kila mtoto wa kibandani anaijua kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Steringi ni yule mhusika mkuu, yule wetu. Anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kuanguka kutoka ghorofani, lakini hafi. Anayekufa ni adui, na wale wanaomzunguka adui.

Mama yangu hakuipenda tabia hii hata siku moja. Kila nikirudi usiku alikuwa na swali lilelile. "Wewe mutoto, unatoka tena kuangalia watu wenye kuuana? Ile tuliona haikutosha?" Nilikuwa namjibu, "Mama, ni muvi tu." Sasa ninajua kwamba mama na yule dada wa shirika waliuliza swali moja. Mmoja aliuliza kwa kuwa aliyaona, mwingine kwa kuwa hakuyaona.

Jibu la kwanza ambalo watu hulitoa ni kwamba tumezoea. Eti damu haitushtui tena. Mimi hili nalikataa. Nimekaa kwenye mabenchi yale kwa zaidi ya miaka 20. Ninawajua watu wazima ambao mlango wa gari ukifungwa kwa kishindo wanaruka. Ninamjua baba mmoja ambaye hutoka nje kila muvi inapoonyesha nyumba ikichomwa, anavuta sigara, kisha anauliza mlangoni, "Imeshapita?" Mtu aliyezoea hawezi kuuliza hivyo.

Jibu la pili lina ukweli ndani yake. Alfred Hitchcock, yule Mwingereza aliyetengeneza Psycho mwaka 1960, aliwahi kumweleza mwenzake Mfaransa, François Truffaut, tofauti ya mshtuko na taharuki. Chukua watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga. Chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu likilipuka anashtuka sekunde chache, basi. Lakini mwonyeshe bomu tangu mwanzo, mwonyeshe na saa ya ukutani, ndipo ile soga ya kawaida inakuwa mateso kwake. Anatamani kuwapigia kelele: ondokeni hapo!

Niliposoma habari hiyo nilikaa nayo siku nyingi. Maana sisi tulikuwa wale watu wa mezani. Mwezi Oktoba 1996, Uvira, tulikuwa tunaenda shule, mama anauza dagaa, baba anabishana na jirani juu ya mpaka wa kiwanja. Hakuna aliyetuonyesha bomu. Kibandani mambo yanageuka. Mimi ndiye ninayeona chini ya meza. Mimi ndiye ninayejua adui yuko nyuma ya mlango gani. Nikiogopa sana, mlango upo, natoka, nanunua karanga, narudi. Ni hofu ambayo mtu ameilipia mwenyewe na anaweza kuikatisha. Kwa mtu ambaye hofu yake ya kwanza haikuwa na mlango wa kutokea, hilo ni jambo kubwa.

Lakini hata jibu hili halinitoshi. Kama nilitaka tu hofu yenye mlango, muvi za mizimu zingetosha, na mizimu mimi wala siijali. Mimi nataka muvi yenye maiti mwanzoni na mtu anayeuliza, "Nani amefanya hivi?"

Niwasimulie juu ya The Fugitive, muvi ya mwaka 1993. Sisi tuliiona kambini miaka ya 2000 mwanzoni, kwenye kanda iliyochakaa mpaka picha ilikuwa inatetemeka. Daktari mmoja wa Chicago, Richard Kimble, aliyeigizwa na Harrison Ford, anarudi nyumbani usiku na kukuta mkewe, Helen, ameshambuliwa. Anapambana na mtu mwenye mkono wa bandia, yule mtu anakimbia, mke anakufa. Polisi hawaamini habari ya mtu wa mkono mmoja. Kimble anahukumiwa kifo kwa kumuua mke wake. Basi linalompeleka gerezani linapata ajali, linagongwa na treni, naye anakimbia. Afisa wa serikali, Samuel Gerard, aliyeigizwa na Tommy Lee Jones, anapewa kazi ya kumkamata.

Mtafsiri wetu alipofika kwenye jina la muvi hakusita. Alisema, "Ndugu watazamaji, muvi yetu leo inaitwa Mkimbizi." Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko. Mzungu, daktari, Mmarekani, halafu mkimbizi! Mtu akapiga kelele, "Mpeni kadi ya mgao!" Kwa Kiswahili sanifu angesema "Mtoro", kwa sababu mtoro ndiye anayeikimbia sheria, na mkimbizi ndiye anayeikimbia hatari. Lakini jamaa yetu hakukosea sana. Kimble ni vyote viwili, na shida yake yote ni kwamba wanaomfukuza wanaona mtoro tu. Wako miongoni mwetu walioonja hilo. Ukikimbia, kuna mtu atauliza: kama huna kosa, ulikuwa unakimbia nini?

Tulicheka basi, lakini baada ya nusu saa hakuna aliyekuwa anacheka. Kilichonishika mimi sicho kile ambacho wenzangu walikisimulia kesho yake, pale Kimble anaporuka kutoka kwenye bwawa lenye maji ya kutisha. Kilichonishika ni Helen. Mwanamke mmoja amekufa dakika za kwanza kabisa, na muvi nzima, saa mbili na zaidi, inasimama juu yake. Magari, helikopta, mbwa, hospitali, maabara, mafaili ya wenye mikono ya bandia, vyote vinazunguka swali moja: nani alimuua huyu mwanamke, na kwa nini? Hakuna anayesema, "Ah, watu wanakufa kila siku."

Nilikuwa na kaka. Ndiye aliyenipeleka video mara ya kwanza pale Uvira, akanilipia kwa hela ya mama ya sabuni. Vita ilipofika tulishuka na barabara ya kandokando ya ziwa kuelekea Baraka, mimi nikiwa na miaka tisa. Nililia njiani, na yeye akaninong'oneza maneno ya kibandani: "Nyamaza. Steringi hafi." Siku ya pili alirudi nyuma kumchukua bibi, ambaye miguu ilikuwa imeshindwa. Sisi tulipata mtumbwi Baraka tukavuka mpaka Kigoma. Yeye na bibi hawakufika. Miezi baadaye alikuja mtu, akasema alimwona kaka amelala kando ya barabara. Alimtambua kwa shati.

Basi, hapo ndipo habari yake inapoishia. Hakuna afisa aliyekuja kuuliza lile shati lilikuwa la rangi gani. Hakuna aliyechora mstari wa chaki. Hakuna faili. Sisemi haya kumlaumu mtu fulani. Watu walikuwa wanakufa wengi, na wenye kuuliza walikuwa wanakimbia pia. Ninasema tu kwamba nilipomwona Helen Kimble akiulizwa na mji mzima, nilihisi wivu. Nilimwonea wivu maiti. Sikuwahi kumwambia mtu hilo mpaka leo ninapoandika.

Kwa hiyo, dada, hili ndilo jibu langu la kweli. Sipendi muvi za mauaji kwa sababu ya mauaji. Ninazipenda kwa sababu ndani yake kifo cha mtu mmoja kina uzito. Kuna mtu analipwa mshahara ili asilale kwa ajili ya yule aliyekufa. Anazunguka na kidaftari chake, anagonga milango, anauliza swali lilelile kwa watu 10. Wengine wanaita hiyo taharuki. Kwangu mimi ni heshima ya mazishi.

Ningeishia hapo makala ingependeza, lakini nisingekuwa mkweli. Kwa sababu muvi niliyoipenda kabla ya hiyo, ile aliyonipeleka kaka, ilikuwa Commando ya mwaka 1985, ya Arnold Schwarzenegger. Ni mwanajeshi mstaafu, binti yake ametekwa, anakwenda mpaka kisiwani kumtafuta. Na pale kisiwani anaua. Wanatokea vichakani, anawaangusha. Wanatokea ghorofani, anawaangusha. Pale Uvira tulikuwa tunawahesabu kwa sauti: saba, nane, tisa! Hapa kambini watoto bado wanahesabu hivyohivyo, nimewasikia. Na hesabu ile ni ya furaha.

Sasa jiulize. Nani aliuliza habari za yule wa tisa? Alikuwa na jina? Alikuwa na mama anayeuza dagaa? Muvi haina muda naye. Ameletwa pale ili aanguke. Yule binti mmoja ana jina na picha nyingi za tabasamu na baba yake, na kwa sababu tunamjua yeye, makumi ya wengine tunawahesabu kama embe zinazodondoka.

Hapo ndipo sheria yetu ya "steringi hafi" inaponitisha. Kila mtu aliyekaa kwenye benchi anajihesabu upande wa steringi. Haiwezekani vinginevyo, kamera iko upande wake. Lakini kaka yangu, kwa mtu aliyembebea bunduki siku ile, alikuwa nani? Alikuwa yule wa tisa, mtu wa kando ya barabara kwenye muvi ya mtu mwingine. Na yule mwenye bunduki, sina shaka, kichwani mwake alikuwa steringi. Alikuwa na sababu, alikuwa na binti yake wa kuokoa, au nchi yake, au ardhi ya babu zake. Sijawahi kukutana na muuaji aliyejiita adui.

Tena kuna jambo lingine, gumu zaidi kulisema. Sisi tuliofika tumeanza kuamini kwamba tulifika kwa sababu tulikuwa masteringi. Mungu alitupenda, tulikuwa na akili, tulipiga mbio. Sawa, kila mtu ashukuru kwa namna yake. Lakini kama steringi hafi, basi aliyekufa hakuwa steringi. Hilo siwezi kulimeza. Kaka alirudi kumchukua bibi. Kama kuna aliyekuwa steringi katika familia yetu, alikuwa yeye. Ipo muvi ya nchini kwetu wenyewe, Viva Riva! ya mwaka 2010, ya mwongozaji Djo Tunda wa Munga, inayohusu magendo ya petroli mjini Kinshasa. Riva mwenyewe hafiki salama mwisho wa muvi. Nilipoiona hapa, vijana walilalamika sana: "Muvi gani hii, steringi anakufa?" Mimi nilinyamaza. Nilikuwa ninafikiri kwamba huyu mwongozaji, tofauti na wale wengine, anaijua nchi yetu.

Kwa hiyo ninazigawa muvi za mauaji mafungu mawili. Kuna zinazohesabu wafu kwa majina, na kuna zinazohesabu wafu kwa furaha. Unaweza kukuta zote kwenye kibanda kimoja, jioni moja, kwa shilingi zilezile. Kinachonisumbua ni kwamba kufurahia ya kwanza hakukulindi na ya pili. Mimi ni shahidi wa hilo.

Miaka minne iliyopita, usiku, kulikuwa na kelele za mwizi upande wa zoni yetu. Nilitoka na tochi kama wengine. Walikuwa wamemkamata kijana wa miaka 16 hivi, wanasema ameiba paneli ya sola. Paneli haikuwepo mkononi mwake. Alikuwa amekutwa karibu na nyumba iliyoibiwa, na alipoitwa, alikimbia. Hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi: alikimbia. Sisi, kambi nzima ya watu waliowahi kukimbia, tuliona kukimbia ni ushahidi.

Walianza kumpiga. Nilisimama mstari wa pili au wa tatu. Mkono wangu haukumgusa, na kwa muda mrefu nimejificha nyuma ya sentensi hiyo. Lakini nilikuwa na tochi, na tochi yangu ilikuwa imemmulika yeye. Nilikuwa ninatazama. Na ninakumbuka nilikuwa ninasubiri, kama mtu aliye kwenye benchi, nione itakavyoisha. Jamaa mmoja pembeni yangu alisema, "Leo picha limeisha kwake," watu wakacheka. Sijui kama na mimi nilicheka. Ningependa kusema hapana.

Sungusungu walifika, wakamwondoa, akapelekwa hospitali. Alipona, ila sikio moja halisikii. Mpaka leo sijui kama aliiba ile paneli. Haikupatikana kamwe.

Mwaka mmoja baadaye, mwalimu mmoja wa mafunzo ya vijana alikuja na kompyuta yake, akatuonyesha muvi ya zamani, nyeusi na nyeupe, 12 Angry Men ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Ilikuwa na maandishi ya Kifaransa chini, na sisi Wakongo tuliosoma kidogo tukawa tunawatafsiria wengine. Dakika 10 za kwanza vijana walianza kutoka. "Picha gani hii, watu wamekaa tu mezani?" Ni kweli. Karibu muvi nzima ni wanaume 12 kwenye chumba kimoja, siku ya joto kali. Kule Marekani raia wa kawaida huitwa kusikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Kijana wa miaka 18 anashtakiwa kumchoma baba yake kisu. Wakisema ana hatia, atauawa. Na lazima wakubaliane wote.

Wanapiga kura. Kumi na mmoja wanasema ana hatia. Mmoja tu, aliyeigizwa na Henry Fonda, anakataa. Na hakatai kwa sababu anajua kijana hana hatia. Anasema hajui. Anasema tu kwamba si haki kumtuma mtu kifoni bila kukaa kwanza na kuongea. Basi wanaongea. Kuna mzee aliyesema alimwona kijana akikimbia kwenye ngazi. Wanapima hatua zake, maana mzee yule anachechemea, na wanaona asingeweza kufika mlangoni kwa muda aliousema. Kuna mama aliyesema aliona kila kitu kupitia madirisha ya treni inayopita. Wanakumbuka alama za miwani kwenye pua yake, na nani analala na miwani? Taratibu, mmoja mmoja, wanageuka. Mwingine alikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Mwingine alikuwa na hasira na mtoto wake mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo aliyotaka kumnyongea mtoto wa mwenzake.

Muvi inaisha, na hatuambiwi kama kijana aliua au hakuua. Waliobaki chumbani walikasirika. "Sasa nani aliua?" Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa ninawaza tochi yangu. Usiku ule tulikuwa zaidi ya 12. Tulikuwa labda 60. Ingetosha mmoja aseme, "Jamani, ngojeni kidogo, tuongee." Si lazima angesikilizwa. Lakini hakusema mtu, na mmoja wa wale ambao hawakusema ni mimi, mpenzi mkubwa wa muvi za upelelezi, mtu anayelia kwa ajili ya Helen Kimble.

Hapa niseme neno kwa wasomaji wetu wa mashirika, bila kumlaumu yeyote. Wengi wetu tumekaa mbele ya meza tukaeleza habari zetu. Tarehe ngapi, saa ngapi, walikuwa wangapi, walivaa nini. Kuna msemo umezaliwa hapa kambini tangu ile kanda ya The Fugitive: mtu ambaye habari yake haijaaminiwa, tunasema "ana mtu wake wa mkono mmoja". Ni utani, lakini unauma. Kwenye ile muvi kuna mahali ambapo Kimble, amebanwa ndani ya handaki la maji, anamwambia Gerard kwamba hakumuua mke wake. Gerard anamjibu kwamba hilo yeye halimhusu. Mara ya kwanza nilimchukia. Nilipoitazama mara ya tano nikaona kitu kingine. Gerard ni mfanyakazi. Ametumwa kukamata, hakutumwa kuamini. Lakini kwa sababu anaifanya kazi yake vizuri, anaanza kuuliza: huyu mtu, badala ya kukimbilia mbali, mbona amerudi Chicago? Kwa nini ameingia hospitali na kumwokoa mtoto wa mtu, wakati angeweza kukamatwa? Maswali yanamfikisha mahali ambapo huruma peke yake isingemfikisha. Mwisho anamfungua pingu ndani ya gari.

Sisi hatuombi sana kuaminiwa siku ya kwanza. Tunaomba Gerard wa nusu ya pili ya muvi. Mtu anayeendelea kuuliza. Kumuuliza mtu maswali kwa makini ni namna ya kumwambia kwamba kifo anachokisimulia kina uzito. Na ombi hilohilo sasa ninalirudisha kwetu, maana tukilidai kutoka kwa wenye meza, lazima tuwe nalo tukiwa wenye tochi.

Mama yangu sasa ni mzee. Juzi nilimsomea sehemu ya makala hii, ile ya kaka. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Ile shati, unakumbuka ilikuwa rangi gani?" Nikamwambia sikumbuki. Akasema, "Ilikuwa ya bluu, na kifungo cha juu hakikuwepo. Nilikuwa nasema nitakishona." Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nasubiri afisa aje kuuliza, na aliyejua alikuwa anakaa nyumba moja na mimi.

Bado naenda kibandani. Jumamosi nilikuwa huko. Watoto mbele walikuwa wanahesabu wanaoanguka, wakafika 14. Nilimgusa bega mmoja, mtoto wa jirani, nikamuuliza, "Yule wa nne alikuwa anaitwa nani?" Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Baba, yule si adui tu?"

"Sawa," nikamwambia. "Lakini alikuwa anaitwa nani?"

Akageuka akaendelea kutazama. Baada ya muda nikagundua kwamba hahesabu tena. Inawezekana alikuwa anafikiri. Inawezekana pia nilimharibia tu muvi yake.